Kabohaidreti na vitamini kwa wanafunzi wa sekondari: usikariri orodha, angalia molekyuli imeundwaje

mwl_maabara (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Huu uzi nauandika kwa ajili ya wadogo zetu walioko form two mpaka form six, pamoja na wazazi wanaokaa na watoto usiku kuwasaidia homework. Mada ya kabohaidreti na vitamini inaogopwa bure tu. Mtoto anapewa orodha, vitamini A kazi yake hii ukiikosa unapata ugonjwa huu, B1 hivi, C hivi, ukurasa unaofuata glukosi, fruktosi, galaktosi, anameza yote, mtihani ukiisha hakuna kilichobaki kichwani.

Mimi nasema hivi, hizo mada mbili ni kitu kimoja. Ukishajua molekyuli ina nini ndani yake na imefungwaje, sehemu kubwa ya ile orodha utaitoa mwenyewe kichwani bila kuikariri.

Mwaka 1937 tuzo ya Nobel ya kemia alipewa Mwingereza Walter Norman Haworth wa Birmingham kwa utafiti wake wa kabohaidreti NA vitamini C, vyote ndani ya tuzo moja. Aliyegawana naye, Paul Karrer wa Zurich, alipewa kwa kazi ya karotenoidi (zile rangi za njano na chungwa za mimea) pamoja na vitamini A na B2. Sasa mtu wa sukari alifikaje kwenye vitamini? Chukua kalamu uandike fomula. Glukosi ni C6H12O6. Vitamini C ni C6H8O6. Kaboni sita kwa sita, oksijeni sita kwa sita, kilichopungua ni haidrojeni nne tu. Yaani hawa ni ndugu wa tumbo moja.

Na sio kwenye karatasi tu. Mbuzi, ng'ombe na mbwa wanatengeneza vitamini C yao wenyewe kwenye ini, na malighafi yao ni hiyo hiyo glukosi. Ndo maana mbuzi anakula majani makavu kiangazi chote na haumwi kiseyeye, ule ugonjwa wa kukosa vitamini C. Sisi binadamu, pamoja na nyani na simbilisi, tumekosa kimeng'enya cha hatua ya mwisho kabisa, jeni lake tunalo ila limeharibika zamani sana, kwa hiyo sisi lazima tuile kwenye chakula. Hata vile vidonge vya vitamini C vya famasi safari yake inaanzia kwenye glukosi, kwa njia iliyotokana na ile aliyoigundua Tadeus Reichstein huko Uswisi mwaka 1933: glukosi inageuzwa kuwa sorbitoli, bakteria wanaibadili kuwa sorbosi, zinafuata hatua nyingine kadhaa mpaka inatoka asidi askobiki, ambayo ndo vitamini C yenyewe. Na glukosi ya viwandani mara nyingi inatoka kwenye wanga wa mahindi. Mahindi hayo hayo.

Haya, tuanze na kabohaidreti.

Jina tu linakupa mwanga, ni kaboni na maji. Karibu zote haidrojeni zake ni mara mbili ya oksijeni, kama ilivyo kwenye maji. Sukari moja moja ni glukosi, fruktosi na galaktosi, na zote tatu fomula yake ni C6H12O6. Hapo wanafunzi wengi wanashtuka, fomula moja vitu vitatu? Ndio, kwasababu atomi ni zile zile ila zimepangwa tofauti, na mpangilio tu unatosha kufanya fruktosi iwe tamu kuliko glukosi.

Zikiungana mbili unapata sukari pacha. Glukosi na glukosi ni maltosi, glukosi na fruktosi ni sukrosi (sukari ya chai yako), glukosi na galaktosi ni laktosi ya kwenye maziwa. Kila muungano mmoja unatoa molekyuli moja ya maji. Usikubali tu, piga hesabu. Glukosi moja uzito wake 180, fruktosi moja nayo 180, jumla 360, toa maji 18, unabaki na 342, ndo uzito wa sukrosi, C12H22O11. Ukielewa hiyo hesabu umeelewa na mmeng'enyo, maana tumbo linafanya kinyume chake tu, linarudisha yale maji na kiungo kinakatika.

Zikiungana mamia na maelfu ndo unapata wanga, glaikojeni na selulosi. Na hapa ndo penyewe, naomba usome taratibu. Wanga wa ugali na selulosi ya nyasi vyote vimejengwa kwa glukosi TUPU. Tofauti ni upande ambao kiungo kimeelekea. Kwenye wanga kiungo ni cha alfa, kwenye selulosi ni cha beta. Kimeng'enya chetu cha kwenye mate, amilesi, kinaingia kwenye alfa tu, kwenye beta hakiingii. Kwa hiyo ugali unakupa nguvu, ila karatasi ya daftari, ambayo nayo ni glukosi tupu kwa sehemu kubwa, ukiitafuna inatoka kama ilivyoingia. Hata ng'ombe mwenyewe hana kimeng'enya cha kukata beta, anawategemea vijidudu walioko tumboni mwake wamkatie. Unaona sasa? Swali la "kwanini binadamu hameng'enyi selulosi" halihitaji kukariri chochote.

Glaikojeni ni wanga wa wanyama, ina matawi mengi mno, na matawi mengi maana yake ncha nyingi za kukatia glukosi kwa wakati mmoja, ndo maana misuli na ini vinaitunza hiyo, ukikimbia ghafla glukosi inapatikana fasta.

Naendelea na vipimo post inayofuata, wekeni maswali.

mwl_maabara

Vipimo sasa.

IODINI. Iodini ni ya kahawia, ikikutana na wanga inageuka bluu nyeusi. Kwanini? Mnyororo wa amilosi ndani ya wanga umejiviringa kama springi, iodini inaingia katikati ya ile springi na ikishakaa humo inanyonya mwanga kivingine, rangi inabadilika. Sukari ya chai haina springi yoyote, kwa hiyo iodini inabaki kahawia.

Hiki kipimo unaweza kukifanya nyumbani jioni hii hii. Nunua kichupa cha tinkcha ya iodini pale famasi, changanya matone machache na maji kwenye kifuniko mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi. Tafuta ndizi tatu za mkungu mmoja, moja mbichi kabisa, moja inayoanza kuiva, moja iliyoiva mpaka ganda limeanza madoa. Kata kipande cha kila moja, dondoshea. Ile mbichi inakuwa nyeusi ndani ya sekunde chache, uso mzima. Ya katikati inakuwa nyeusi mabaka mabaka. Iliyoiva inabaki na ukahawia tu au kidogo sana pembeni. Umeona kwa macho yako kwamba ndizi ikiiva wanga wake unakatwa kuwa sukari, ndo utamu unapotokea. (Hivyo vipande usile, tupa, na nguo ya shule kaa nayo mbali, iodini inatia doa.)

Kingine, chukua tonge la ugali bila mboga, litafune muda mrefu bila kumeza. Utaanza kusikia utamu kwa mbali. Hiyo ni maltosi, amilesi ya mate imeshaanza kazi.

BENEDICT. Hii ni dawa ya maji ya kupimia sukari, ni bluu kwasababu ya shaba, Cu2+. Weka sampuli kiasi na Benedict kiasi hicho hicho kwenye testityubu, iweke kwenye maji yanayochemka, usiiweke moja kwa moja kwenye moto itakurukia. Sukari inayoweza kutoa elektroni inaibadilisha Cu2+ kuwa Cu+, na inajikusanya chini kama unga, oksaidi ya shaba, Cu2O, nyekundu ya tofali. Ikiwa sukari ni kidogo inaishia kijani, ikiongezeka njano, chungwa, mpaka tofali. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "imegeuka kijani, hakuna sukari" amekosa, kijani maana yake ipo ila kidogo.

Na jamani jamani, kwenye jedwali la praktiko safu ya ulichokiona andika ULICHOKIONA. Rangi ilikuwa ipi, imekuwa ipi, kuna mashapo au hakuna. "Wanga upo" sio kitu cha kuona, hilo ni hitimisho na lina safu yake. Alama nyingi zinapotea hapo na mtoto kipimo amekifanya vizuri kabisa.

form5_PCB

Mwalimu samahani, mi hapa ndo huwa napotea. Kwanini sukrosi haigeuzi Benedict wakati maltosi na laktosi zinageuza, na zote ni sukari mbili mbili??

mwl_maabara

Swali zuri sana mdogo wangu. Sukari inageuza Benedict pale tu inapokuwa na ile kaboni yake maalum iko huru, kwenye glukosi ni kaboni namba 1, kwenye fruktosi ni namba 2. Molekyuli ya sukari imejifunga kama pete, pete inafungukia hapo, na ikifunguka ndo inaweza kutoa elektroni. Maltosi imetumia kaboni namba 1 ya glukosi ya kwanza imeishikisha kwenye namba 4 ya ile ya pili, kwa hiyo ile ya pili namba 1 yake bado huru, inageuza. Laktosi vivyo hivyo. Sukrosi imeshikana namba 1 ya glukosi kwa namba 2 ya fruktosi, yaani zote mbili zimeshikana palepale maalum, hakuna iliyobaki huru.

Ndo maana ukiichemsha kwanza na asidi ya haidrokloriki (HCl) iliyozimuliwa kiungo kinakatika, zote mbili zinakuwa huru, ukipima upya inageuka. Ila kabla ya kuweka Benedict lazima uondoe ile asidi kwa bikabonati ya sodiamu, weka kidogo kidogo mpaka povu liache kutoka, kwasababu Benedict inafanya kazi kwenye hali ya besi. Wanaoruka hiyo hatua wanabaki na bluu yao alafu wanaandika hakuna sukari.

mdau_Moro

Mkuu nakuelewa ila mtihani unataka orodha bana. Mtoto atajuaje ukosefu wa vitamini D ni matege bila kukariri? Sioni molekyuli ikimsaidia hapo

mwl_maabara

Mkuu majina kweli lazima uyashike, matege, kiseyeye, beriberi, hakuna fomula itakayokupa hilo neno. Ninachokataa ni kukariri vile vitu vyenye sababu, na ndo vingi. Ngoja niingie kwenye vitamini utaona.

Chora vitamini C. Molekyuli ndogo, imejaa OH. OH inapenda maji. Kwa hiyo inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo haitunziki mwilini muda mrefu, ziada inatoka na mkojo, kwa hiyo unatakiwa uipate mara kwa mara, kwa hiyo pia ukichemsha mboga maji mengi ukayamwaga umemwaga na vitamini. Mambo manne yametoka kwenye kitu kimoja. Ongeza la tano, ni rahisi kutoa haidrojeni zake kwa oksijeni, kwa hiyo moto na hewa vinaiharibu.

Sasa chora vitamini A, C20H30O. Mkia mrefu wa kaboni na haidrojeni, OH moja tu mwishoni. Mkia huo haupendi maji, unapenda mafuta. Kwa hiyo inahitaji mafuta ili ifyonzwe vizuri, na mwili unaitunza kwenye ini kwa miezi. Ndo maana watoto wa chini ya miaka mitano kwetu Tanzania wanapewa matone ya vitamini A mara mbili tu kwa mwaka, Juni na Desemba. Jaribu kufanya hivyo kwa vitamini C uone kama itafika hiyo miezi sita. Na ndo maana hiyo hiyo ukizidisha A ni hatari, hasa kwa mjamzito, maana ziada haina pa kutokea kirahisi. A, D, E na K zote ziko upande huu wa mafuta, B zote na C upande wa maji.

Rangi ya karoti, viazi lishe na mawese ni beta karotini, C40H56. Mwili unaikata katikati. Nusu ya kaboni 40 ni ngapi? 20. Umepata vitamini A mbili. Hii mimi huwa inanifurahisha kila ninapoifundisha, darasa zima linanyamaza alafu mmoja anasema "aaah".

Sasa B1, hapa kabohaidreti na vitamini vinakutana tena. Glukosi ikishavunjwa nusu inakuwa piruveti, na piruveti haiingii kwenye hatua inayofuata ya kutoa nguvu bila B1 kumsaidia kimeng'enya. Kwa hiyo mtu anaweza kula wanga sahani imejaa na bado mishipa ya fahamu na moyo vikakosa nguvu, ndo beriberi hiyo. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliliona hili kwa kuku huko Java miaka ya 1890, kuku waliolishwa mchele uliokobolewa waliugua miguu ikalegea, waliporudishiwa mchele wenye ganda lake la ndani wakapona. Akapata Nobel mwaka 1929. Kwetu hadithi ni ile ile ya sembe na dona, ukikoboa mahindi unabaki na wanga mweupe, kiini na pumba vimeondoka na B nyingi zimeondoka navyo. Wanga upo, wa kuusaidia kuungua kapungua.

Mama_Wawili

Asante sana mwalimu, nimesoma mpaka mwisho. Mimi naomba kuuliza ya jikoni, huwa naweka magadi kidogo kwenye kunde na kisamvu vilainike haraka na vibaki na kijani kizuri, kuna shida?

mwl_maabara

Dada yangu shida ipo, na tena inafundisha. Magadi ni besi. Vitamini C na B1 zote mbili haziwezi hali ya besi, zinaharibika haraka zaidi kuliko kwenye maji matupu. Ulaini unaupata na kijani kinabaki, ila ndani umepoteza. Kama gesi au kuni ni tabu, bora loweka kunde usiku kucha. Kwa mchicha, osha KABLA ya kukata, maji kidogo, funika, epua mapema, weka nazi au karanga, hapo ile beta karotini imepata mafuta yake ya kupandia. Mchuzi wake usimwage.

bwenini_tu

Mwl swali langu, chumvi ina madini joto ambayo ndo iodini, sasa mbona tukinyunyiza kwenye ugali haugeuki bluu?? Nimemuuliza mtu akasema ni kidogo mno

mwl_maabara

Aisee huyu kijana akili yake inafanya kazi. Ni kidogo kweli, ila hiyo sio sababu kuu. Kwenye chumvi wanaweka ayodeti ya potasiamu, KIO3, ambako iodini imeshikana na oksijeni tatu. Kinachoingia kwenye ile springi ya wanga ni iodini huru iliyoyeyushwa pamoja na ayodaidi, kama ile ya kwenye kichupa. Ayodeti haiingii. Elementi ni ile ile, muundo tofauti, tabia tofauti. Ndo uzi wote huu huo.

Na kingine ujaribu, dondoshea iodini kwenye uji wa moto sana, rangi haitokei vizuri, ukipoa inatokea. Joto linailegeza springi, iodini inachoropoka. Kwa hiyo kwenye praktiko sampuli ikiwa imetoka kuchemka subiri ipoe ndo upime wanga.

form5_PCB

La mwisho mwalimu. Tuliyeyusha kidonge cha vitamini C tukapima na Benedict ikageuka. Tukaandika sukari ipo. Tuko sahihi?

mwl_maabara

Ulichokiona ni sahihi, hitimisho linahitaji uangalifu. Benedict haiitambui sukari kwa sura, inatambua kitu chochote chenye uwezo wa kuipa ile shaba elektroni, na vitamini C kwa hilo ni hodari, inaanza kuigeuza hata kabla hujachemsha. Ongezea kwamba baadhi ya vidonge vya kutafuna vimetiwa sukari inayogeuza Benedict kweli, kama glukosi, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakikuambii ni ipi.

Kwa vitamini C tumia DCPIP, dawa ya rangi ambayo vitamini C inaifuta rangi yake. Weka DCPIP mililita 1 kwenye testityubu, ni bluu. Dondosha juisi yako tone moja moja huku ukihesabu mpaka rangi ipotee kabisa. Ikiwa ni limau utaona inapita kwanza kwenye waridi, usiishie hapo, hiyo ni asidi ya limau imeigeuza, endelea mpaka waridi nayo iondoke. Usitikise kwa nguvu, utaingiza hewa na hewa inakula vitamini. Matone machache maana yake vitamini C nyingi, na wengi wanaligeuza hili kichwa chini.

Fanyeni na juisi ya chungwa iliyokamuliwa sasa hivi, na nyingine ya chungwa hilo hilo mliyoichemsha dakika kumi kisha mkaipoza na kurudishia maji yaliyopungua. Hesabuni matone ya kila moja muweke majibu hapa, ntakuja kuyapitia wikiendi.